Dawa ya Kunguni Ipo

Mjomba wangu hasikilizi wimbo ambao hakuulipia. Ndivyo anavyosema, na kabati la kuthibitisha analo: kanda za bendi za Sikinde na Msondo zimejipanga mle kama mafaili ya wakili, kila moja na kasha lake, na penseli pembeni ya kurudishia utepe ukijitoa. Zilipokuja CD, akahamia kwenye CD. Mwaka 2013 serikali ilipotaka kazi za wasanii zibandikwe stempu ya kodi ya TRA, mzee alifurahi utadhani mgawo anapata yeye. Tangu hapo akishika CD haangalii hata sura ya msanii. Anaigeuza, anaitafuta stika, anaikwangua kidogo kwa ukucha, ndipo mkono unaingia mfukoni.

Mimi ni wa kushusha bure mtandaoni. Kwangu wimbo ni kama embe la jirani: likidondoka upande wetu, ni letu.

Mwaka uliofuata binti yake akachumbiwa, na kamati ya sendofu ikanikabidhi muziki. Sababu ni kwamba nina laptopu, na kwenye ukoo wetu mwenye laptopu ndiye fundi wa chochote kinachotumia umeme, hadi pasi. Mjomba akaweka sharti: zinunuliwe CD orijino, binti yake haingii ukumbini kwa wimbo wa wizi. Shangazi, mweka hazina, akanihesabia shilingi 40,000 mbele ya mashahidi.

"Risiti, baba. Mimi maneno sili. Niletee risiti."

Sasa hebu tupige hesabu kidogo. CD moja ilikuwa 5,000, ndani ina nyimbo kumi na ushei, na unazozitaka ni mbili. Pale stendi kulikuwa na kijana ana kibanda na kompyuta iliyovuliwa nguo, nyaya zote nje. Yeye alikuwa anakuingizia nyimbo 20 kwa 1,000. Wimbo wa mp3 una MB 4 hivi, flashi ya GB 2 inameza nyimbo mia nne na haicheui. Nikachukua nyimbo 40 kwa 2,000. Zile 38,000 zilizobaki sitaki kuzizungumzia sana. Kulikuwa na chipsi kuku. Kulikuwa na raba nyeupe. Nikabakiwa na elfu nane za kuonyesha uaminifu.

Usiseme sikuzikagua. Nilizisikiliza zote arobaini usiku mmoja, kila moja sekunde kumi. Safi kabisa. Nisichojua ni kwamba wale vijana wa vibanda wanaibiana wenyewe kwa wenyewe: huyu akishusha wimbo, yule anamtuma mdogo wake aje kuukopi. Kwa hiyo kila mmoja anachomeka sauti yake humo, ili wimbo ukitembea mji mzima utembee na tangazo lake. Na haiweki mwanzoni, maana mwanzoni inakatwa. Anaificha dakika ya kwanza ikishapita, pale wimbo unapoanza kunoga.

Ukumbi, Tabata. Viti vimevalishwa nguo nyeupe, mgongoni tai ya dhahabu. Taa zikapunguzwa, MC akaomba watu wasimame, nikabonyeza. Dada akatokea mlangoni na mpambe wake, wanatembea mwendo wa sendofu: hatua moja, mapumziko mawili. Alipofika usawa wa meza ya wakwe, ngoma ikanyamaza, kikabaki kinanda peke yake. Shangazi ameshatoa leso. Ndipo sauti ya kukwaruza, yenye mwangwi kama ya kisimani, ikapasua spika nne:

"TUNAINGIZA NYIMBOOO! TUNACHAJI SIMU! NA DAWA YA KUNGUNI IPOOO! Ipo... ipo... ipo..."

Dada akaganda mguu mmoja mbele. Upande wa muoaji kuna mama mmoja mwenye miwani, nadhani ni shangazi mtu. Alikigeukia kiti chake taratibu, akaishusha miwani puani, akafunua ile nguo nyeupe na kuupitisha ukucha kwenye mshono, pole pole, kama anayesoma. Baba wa pembeni yake akajikuna shingo. Wa pili yake akajikuna mgongo. Kufumba na kufumbua meza nzima inajikuna, na nakuapia ukumbi ule haukuwa na kunguni hata mmoja.

Nikaruka kwenda wimbo wa pili. Huko sauti ilikuja mapema zaidi, na iliongeza kwamba ya panya pia anayo. Nikachomoa flashi, nikachomeka ile ya akiba. Nyimbo zote zimekuwa vile vialama vyenye kimshale, KB 1 kila kimoja. Kirusi cha kibanda.

Mjomba akasimama. Hakusema neno. Alitoa funguo za gari, akatoka na suti yake, akarudi na CD mkononi juu, na watu wakapiga makofi. "Mzee ametuletea kitu orijino!" MC akapaza sauti. Mjomba alinipitishia stika chini ya pua niione, kisha akaiingiza CD kwa mkono wake mwenyewe. Dada akarudishwa mlangoni, akaanza upya. Sauti nzuri, besi imetulia. Mzee amesimama mikono nyuma, kifua mbele, ananitazama mimi tu.

Dakika moja ikapita.

"TUNAINGIZA NYIMBOOO!"

Alikuja kukiri baadaye. Aliinunua mataa ya Ubungo, kwa machinga, dirishani. Stika aliiona, ila kabla hajaikwangua taa zikawa kijani na nyuma wanapiga honi.

Aliyeuokoa usiku ni bibi harusi mtarajiwa mwenyewe. Alicheka hadi mpambe akamshika kiuno, kisha akaanza kuja kwa kuchezea ile sauti. MC naye si mjinga. "Dawa ya kunguni?" anauliza. "Ipooo!" ukumbi mzima unaitika, wakwe wakiwemo, yule mama wa miwani akiongoza. Keki ilikatwa kwa kiitikio hicho. Mjomba peke yake alikaa kimya, ameishika ile CD, anaikwangua stika. Ilitoka yote kama karatasi ya pipi.

Wakati wa zawadi bibi yake muoaji akaniita pembeni. Nikajua natukanwa.

"Mjukuu wangu, hiyo dawa bei gani? Maana kule kwetu wamenishinda."

Jumatatu nilikwenda stendi na zile elfu nane, nikamchukulia chupa mbili. Kijana akaniandikia risiti kwa mkono, akagonga na mhuri. Ndiyo risiti pekee niliyoipeleka kwa shangazi, na mpaka leo ameihifadhi kwenye faili la kamati, chini ya kichwa "Muziki".