Huku ndama ana baba na babu, kwetu ana rangi tu

Hapa Uholanzi ninakokamua ng'ombe, wiki iliyopita yamerudi majibu ya kipimo cha vinasaba cha ndama niliyemvalisha hereni ya utambulisho kwa mkono wangu. Ile koleo ya hereni ikitoboa sikio inanyofoa papo hapo kipande kidogo kama punje ya mtama, kinaingia kwenye kichupa, kichupa kinakwenda maabara. Ndama bado ananyweshwa maziwa kwenye ndoo, lakini karatasi imeshaeleza akizaa anatarajiwa kutoa maziwa kiasi gani, kiwele chake kitakaaje, kama atashika mimba kwa urahisi. Mwenye shamba akaisoma amesimama na mabuti yake, akasema huyu abaki. Nilifurahi kama nimezaa mimi.

Jioni nikampigia mama, Rungwe. Kabla sijamaliza shikamoo: "Marahaba mwanangu, ng'ombe kazaa! Jike!" Nikauliza baba yake nani. Akanyamaza kidogo. "Labda lile dume jekundu la jirani. Mhimilishaji tulimwita asubuhi, akaja kesho yake mchana."

Kesho yake mchana! Mhimilishaji ndiye anayempandisha ng'ombe kwa mrija wa mbegu, na joto la ng'ombe, ule muda anaotaka dume, kwa kawaida halimalizi hata siku nzima. Ukiliona asubuhi, jioni awe ameshapandishwa. Mfugaji anayesoma hapa anaijua hadithi hiyo kuliko mimi, siendelei.

Najua yatakayofuata. "Kaenda Uholanzi juzi, leo anatukana ng'ombe wa baba yake." Haya, nisikilizeni. Hawa ninaowakamua hapa Friesland, wanaotoa zaidi ya lita 9,000 kwa mwaka, wapelekeni Simanjiro mwezi wa kumi, watembezwe siku nzima kutafuta maji, kupe wawajae masikioni, kisha mniambie wamebaki wangapi. Zebu wetu, ng'ombe wa kienyeji mwenye nundu, anaishi pale, anazaa pale, na akitakiwa kuvuta jembe anavuta. Jua na ndigana, ule ugonjwa wa kupe, vimemchuja kwa karne nyingi. Anayeniona namdharau zebu hajanielewa.

Kinachoniuma ni kwamba hatuandiki. Tukisikia "ng'ombe bora" tunawaza mrija wa mbegu kutoka nje. Mbegu hata kwetu zipo, kituo cha taifa cha uhimilishaji kiko pale Usa River, kina madume yake. Lakini dume halikamuliwi. Utalijua kwa binti zake, na binti zake utawajua kwa kupima maziwa yao na kuyaandika, mwaka hadi mwaka. Wafugaji wa Vejen, Denmark, waliunda chama cha kupima maziwa ya kila ng'ombe mwaka 1895. Na hicho kipimo cha vinasaba kinachotushangaza hakioni maziwa ndani ya sikio la ndama. Kinamlinganisha na maelfu ya ng'ombe waliokwisha kupimwa na kuandikwa. Ondoa yale maandishi, maabara nzima haina la kusema.

Upande wa nyama ndiyo kabisa. Dume linalokua haraka tunalipeleka mnadani kwanza kwa sababu ndilo lenye bei. Linalobaki zizini na kupanda majike ni lile lililodumaa. Tunachagua, ndiyo, lakini tunachagua kinyume, halafu tunasema ng'ombe wetu wadogo.

Kuna atakayeniambia hata hao wazungu walikosea. Walikosea, tena vibaya. Dume moja la Marekani, Pawnee Farm Arlinda Chief, lililozaliwa mwaka 1962, lilisambazwa kila mahali kwa ajili ya maziwa ya binti zake. Kumbe lilibeba kasoro iliyofichika: ndama akiirithi kwa baba na kwa mama, anafia tumboni. Inakadiriwa mimba kama 500,000 zilipotea duniani. Kwa miaka mingi walikimbilia maziwa, uzazi wa Holstein, hao ng'ombe wao wa maziwa, ukashuka, na ukoo mmoja ukajaa kila zizi. Hayo nayajua, na wao wenyewe ndio walioyasema. Kosa lile lilionekana kwa sababu kila ndama alikuwa na baba na babu kwenye karatasi. Sisi mimba ikitoka tunasema bahati mbaya, au jicho la mtu.

Wala msiniambie hatuwezi. Pale Mpwapwa, tangu kabla ya uhuru, watu walichanganya zebu wetu na Sahiwal na Red Sindhi, ng'ombe wa maziwa wa Bara Hindi, wakapima, wakaandika, wakapata ng'ombe mwenye jina la mji wetu. Kizazi cha leo kikitajiwa hereni kinauliza kodi ni shilingi ngapi. Na hofu hiyo naielewa, hereni isiyomrudishia mfugaji jibu lolote ni chuma sikioni tu.

Jana mama kanitumia picha ya daftari la shule, mistari ya bluu, mwandiko wa mdogo wangu. Asubuhi lita 6, jioni lita 4, tarehe, jina la ng'ombe. Chini yake ndama, jike, jekundu, paji jeupe. Mbele ya neno "baba" ameacha nafasi.