Mashine sawa, ila hadubini msiitupe

Mwandishi wa makala anasema mashine mpya ya kuhesabu chembe za damu ikishafungwa hospitali ya wilaya basi enzi za kuhesabu chembe nyeupe kwa macho zimekwisha, mimi nipo maabara nasema taratibu jamani. Kwa spidi sibishi, mashine inapitisha maelfu ya chembe kwa dakika moja hivi, sisi wa mkono unachanganya damu na dawa ya Turk (inayovunja chembe nyekundu zibaki nyeupe) mara 20, unaweka kwenye chemba ya Neubauer (kioo chenye vyumba vilivyochorwa vya kuhesabia chini ya hadubini), unahesabu vyumba vinne vikubwa vya kwenye kona, ukipata 140 unazidisha kwa 50 inakuja 7,000 kwa maikrolita. Na ukiwa na usingizi wa shifti ya usiku hiyo 140 inageuka 120 au 165 hahaha

Ila kuna mtoto wa selimundu aliletwa kwetu, mashine ikatoa 38,000, daktari kashtuka akajua ni maambukizi makali. Kuweka slaidi kwenye hadubini tukakuta chembe nyekundu changa zenye kiini 90 kwa kila nyeupe 100, na mashine yetu ya kizamani inazihesabu zote nyeupe. Ukirekebisha (38,000 mara 100 gawa kwa 190) inabaki 20,000. Hata chemba isingesaidia hapo maana nayo inazijumlisha humohumo, aliyeokoa ni slaidi na macho ya mtu.

Halafu vitendanishi, yaani dawa za kuendeshea mashine, vikiisha je? Sisi tushakaa wiki mbili mashine imefunikwa kitambaa kama TV ya bibi, kazi yote chemba.