Mizunguko Sita

Nilipowaambia watu wa nyumbani kwamba nimepata nafasi ya kusomea utunzaji wa miti, bibi yangu aliuliza swali moja tu: "Kwani nyani naye siku hizi anapewa cheti?"

Sikumlaumu. Mimi ni mtoto wa Muheza, nimekulia juu ya michungwa na mifenesi. Na hapa Dar kila mtaa una kijana mwenye panga na kamba ya katani, anakukatia mti wako kwa bei ya maelewano, ukimwangukia jirani mnaelewana upya. Cha kusomea nini hapo?

Basi nilienda na kiburi changu chote. Wiki ya kwanza hatukuruhusiwa hata kupanda kistuli. Tulikuwa tunafundishwa kukata tawi, kitu nilichodhani nakijua tangu nikiwa la pili. Kumbe tawi kubwa lina mikato mitatu. Unaanzia kwa chini, mbali kidogo na shina, ili likivunjika lisichune gome mpaka shinani. Wa pili unaupiga kwa juu, mbele ya ule wa kwanza, tawi linaanguka. Wa tatu ndio wa kuondoa kile kisiki kilichobaki, na hapo unakata nje ya kiuvimbe kinachounganisha tawi na shina, usikiguse, maana mti unaanzia pale kujifungia kidonda. Nikauliza, je, oili chafu tunapaka saa ngapi? Mwalimu akanitazama kwa huruma. "Kijana, mti hauna injini."

Halafu tukaja kwenye fundo. Kamba nene inapita juu ya tawi imara, wewe umefungwa upande mmoja, na kamba nyembamba iliyofungwa kwenye mkanda wako inauzunguka ule upande wa pili. Fundo hilo ndilo breki yako. Mwalimu alikuwa akisema: "Ukilitwika mwili linang'ata, ukilibembeleza kwa mkono linateleza." Kwa kamba zetu zile, mizunguko mitatu inatosha.

Sasa siku ya kwanza ya vitendo tukapelekwa Sinza, kwa mama mmoja wa Masasi ambaye mwembe wake ulikuwa umelalia bati. Siku hiyo hiyo alikuwa na kikao cha kikoba, wanawake kama kumi na watano chini ya mwembe huo huo, na sanduku lao. Mwalimu akawahamishia barazani. Wakageuza viti kuelekea mtini.

Nikapanda kwa ngazi hadi kwenye panda, nikaparamia tawi moja zaidi, nikapitisha kamba. Pale juu, ndugu zangu, nikachungulia chini. Miti ya Muheza haikuwa na zege chini yake. Nikafunga mizunguko mitatu, moyo ukakataa. Nikaongeza. Mwalimu akapaza sauti: "Mizunguko mingapi?"

"Mitatu, Mwalimu!"

Ilikuwa sita.

Nikachukua msumeno wa mkono (chenso tulikuwa bado tunaionea kabatini) nikanyoosha mkono kwenye tawi. Sikuliona furushi la majani lililoshonwa kwa nyuzi nyeupe, kubwa kama kichwa cha mtoto. Kiwiko changu kililiona.

Kama hujawahi kukutana na majimoto, wale sisimizi wa mtini wanaoshona majani kuwa kiota, jina lao limeshakueleza. Walimiminika begani, wakashuka kupitia kwenye kola. Na ovaroli ya kazi imebanwa mikononi na miguuni ili mdudu asiingie, kwa hiyo aliyekwisha kuingia hana pa kutokea. Nikaona hapa dawa ni kushuka. Nikaachia tawi.

Nilishuka nusu mita. Fundo likang'ata.

Nikalibembeleza, likakataa. Nikalivuta kwa mikono miwili, kama ukuta. Juu sifiki, chini sifiki, naning'inia mita nne hewani huku nazunguka taratibu, na kila nikizunguka uso wangu unapita mbele ya baraza. Nikafungua zipu, nikatoa mikono, ovaroli ikaishia kiunoni kwa sababu mkanda wa kupandia unavaliwa juu yake na umekaba mapaja. Majimoto wa juu wakapata upepo. Wa chini ya mkanda wakazidi hasira.

"Huyu ndiye fundi au ndiye pazia?" sauti moja ikauliza.

"Kama ni mdundiko, ngoma ziletwe basi!"

Nikapiga kelele: "Mama, nakuomba dawa ya kupulizia!"

Mama mwenye nyumba akasimama. Nikajua nimepona. "Wee mwanangu! Usiniulie majimoto wangu! Hao ndio wananilindia maembe. Kwetu Masasi mikorosho inawategemea hao hao, wakiwepo, yule mdudu mharibifu anayeitwa mbu wa mikorosho hasogei!" Ukaanza mjadala. Mmoja akasema kwao Unguja wanawapenda kwenye minazi pia. Mhazini akaomba wenzake wasiyumbishe sanduku.

Mwalimu akaleta ngazi, akapanda bila haraka, akafika usawa wa fundo. Akaanza kuhesabu kwa kidole na kwa sauti. "Moja. Mbili. Tatu." Akapumua. "Nne." Baraza zima likanyamaza. "Tano. Sita." Akanigeukia. "Kanyaga ngazi." Nikakanyaga, uzito ukatoka kwenye kamba, na lile fundo la chuma likalegea lenyewe kama tambi.

Nilipogusa ardhi nilikimbilia bafu la uani. Mama akanirushia kanga juu ya mlango. Ilikuwa na maneno yake, sikuyasoma, ila nilipotoka nimejifunga wao waliyasoma kwa pamoja, wakacheka upya. Tawi alilikata msichana mmoja wa Mbagala, mizunguko mitatu, nusu saa, na furushi la majimoto akaliacha pale pale lilipo. Mimi nilikunywa chai na mihogo nikiwa nimesimama.

Juzi yule mama kapiga simu. Kuna tawi la pili, upande wa choo. Anasema kikoba kimekaa kikaona likatwe siku ya kikao, kwa kuwa mahudhurio ya siku ile hayajawahi kutokea, hata wenye madeni walibaki mpaka mwisho. Wanaomba aletwe yule yule kijana.

Mwalimu ameshakubali.