Kiwanja cha Bure Kansas: Nani Ahame, Nani Abaki

Habari kwamba kuna miji Marekani inagawa ardhi bure haziishi kusambaa mitandaoni, na kila zikirudi zinapata watu wapya wa kuzishangilia. Si uzushi. Marquette na Lincoln katika jimbo la Kansas, pamoja na Curtis katika jimbo jirani la Nebraska, ni miji midogo ambayo imewahi kutoa viwanja bila malipo kwa watu walio tayari kuhamia na kujenga. Wanaozisambaza habari hizi huishia hapo, wakati jambo lenyewe linaanzia hapo.

Kinachotolewa ni kiwanja cha nyumba ya kuishi. Shamba la kulima halimo. Masharti hutofautiana kati ya mji na mji, lakini kwa kawaida unapeleka ramani ya nyumba na uthibitisho wa benki kwamba fedha za ujenzi unazo au utakopeshwa, kisha unapewa muda wa kuanza na wa kumaliza, mara nyingi mwaka mmoja au miwili. Ukishindwa, kiwanja kinarudi mikononi mwa mji. Hapa ndipo wengi wetu tunapojikwaa, kwa sababu kwetu kiwanja ni akiba. Unanunua Kibaha au Kitengela, unapanda michongoma kuzuia wavamizi, mwaka huu unamwaga msingi, mwakani unafika linta, unapaua siku hela ikipatikana. Na ukikwama, unauza kwa bei iliyopanda. Kansas njia hiyo haipo. Huwezi kukikalia kiwanja, huwezi kujenga chumba kimoja uhamie huku ukiendelea na vingine, na bei ya ardhi katika mji unaopungua watu haipandi kwa kungoja. Msingi wenyewe lazima uchimbwe kupita kina ambacho udongo huganda wakati wa baridi, na mkandarasi huenda akatoka mji wa mbali kwa kuwa hapo hakuna.

Mji nao una hesabu yake. Trekta kubwa na mashine za kuvuna zimefanya kazi iliyohitaji familia nyingi ifanywe na familia moja. Mashamba madogo yakaunganishwa, hasa baada ya madeni ya miaka ya 1980 kuwaangusha wakulima wengi. Vijana wanaokwenda chuo kikuu hawarudi. Duka linafungwa, kisha linalofuata, mpaka barabara kuu inabaki na benki, ofisi ya posta na maghala marefu ya nafaka kando ya reli. Mwisho inaguswa shule, na huko Kansas shule hupata sehemu kubwa ya fedha za serikali kwa idadi ya wanafunzi. Marquette ilipoanza kutoa viwanja mwaka 2003, hofu iliyowasukuma wakazi ilikuwa kuipoteza shule ya msingi. Walichokuwa wakikitafuta ni watoto.

Je, walifanikiwa? Sensa ya mwaka 2000 ilihesabu watu 542 Marquette. Mwaka 2010 walikuwa 641, ongezeko la karibu mtu mmoja kwa kila watano waliokuwepo, jambo ambalo miji mingi ya eneo lile ingelitamani. Mwaka 2020 walishuka hadi 599. Lincoln haikupata hata kupanda huko: kutoka 1,349 mwaka 2000 hadi 1,171 mwaka 2020. Anayepinga mpango atasema takwimu hizi zinatosha kuonyesha kwamba zawadi ya kiwanja haizuii watu kuondoka. Mimi sikubaliani naye moja kwa moja. Katika mji wa watu 600, familia kumi zenye watoto watatu kila moja ni watoto thelathini, na watoto thelathini ni madarasa mawili yasiyofungwa. Hata miaka kumi ya nafuu ina maana kwa mama mwenye mtoto wa darasa la kwanza. Ila ni nafuu, na anayehamia inafaa ajue ananunua nafuu.

Tuje kwenye fedha, maana huko ndiko hoja ya wapinzani ilikojaa nguvu. Kiwanja katika miji hii, hata kingeuzwa, ni sehemu ndogo sana ya gharama ya nyumba. Gharama kubwa ni mbao, saruji, fundi, mabomba na umeme, na hizo hazishuki bei kwa sababu mji ni mdogo. Tuseme ujenzi unagharimu dola 250,000, na nyumba zinazofanana na yako pale mjini huuzwa dola 150,000. Benki itakukopesha kwa kuangalia hiyo ya pili. Pengo la dola 100,000 unalijaza wewe kwa fedha taslimu, na siku ukihama hulipati tena. Wakati huohuo, mtaa wa pili kuna nyumba ya zamani yenye vyumba vitatu, imara, inauzwa kwa bei ndogo kuliko ujenzi wako. Kwa familia nyingi, kuinunua nyumba hiyo na kuikarabati ni busara zaidi kuliko kupokea kiwanja. Kwa mji pia, kusaidia ukarabati wa nyumba zilizoanza kuoza kungeokoa mitaa iliyokwisha kuwa na maji na barabara, badala ya kupima mitaa mipya pembeni.

Kansas imewahi kuvuta watu kwa ardhi kabla ya leo. Sheria aliyoitia saini Rais Abraham Lincoln mwezi Mei 1862 iliahidi hadi ekari 160 kwa mtu mzima, raia au anayekusudia kuwa raia, ambaye angeishi juu yake miaka mitano na kuiendeleza. Madai yapatayo milioni 1.6 yalikamilika hadi kupata hati, na wengine wengi walikata tamaa njiani kwa ukame, nzige na madeni. Ardhi ile haikuwa tupu. Wakansa, kabila la wenyeji asilia ambao jimbo limechukua jina lao, walihamishiwa eneo ambalo leo ni Oklahoma mwaka 1873 ili kupisha walowezi.

Kisa ninachotaka kila Mwafrika anayefikiria Kansas akijue ni cha Nicodemus, mji mdogo wa jimbo hilo. Mwaka 1877 watu weusi waliokuwa watumwa Kentucky miaka michache tu nyuma walianza kuhamia huko, wakivutwa na vipeperushi vilivyosifia mji wao wenyewe kwenye ardhi yao wenyewe. Mwanamke mmoja wa kundi lililofika mwaka 1878, Willianna Hickman, alisimulia baadaye kwamba alipouliza mji uko wapi alionyeshwa moshi unaotoka ardhini. Watu walikuwa wamechimba mashimo kwenye mbuga na kuishi humo, kwa kuwa hapakuwa na miti ya kujengea. Alilia. Lakini alibaki, na waliobaki wakajenga makanisa, shule, hoteli na magazeti. Kisha mwaka 1888 reli ikapita mbali nao, wafanyabiashara wakaifuata, na mji ukaanza kunyauka. Leo wakazi hawafiki hamsini, ingawa kila mwisho wa Julai wajukuu na vitukuu hukusanyika pale kutoka majimbo mbalimbali. Watu wa Nicodemus walikuwa na ardhi, bidii na umoja. Reli, yaani njia ya kupata kipato, iliamuliwa na wengine.

Ndiyo maana naona mfano wa Garden City, magharibi mwa Kansas, unafundisha zaidi kuliko wa Marquette. Huko wahamiaji kutoka Mexico, Vietnam, Myanmar na Somalia walifuata viwanda vya nyama vilivyofunguliwa tangu miaka ya 1980. Hakuna aliyewapa kiwanja. Kulikuwa na mshahara wa kila wiki, basi wakapanga nyumba, wakafungua maduka, watoto wakajaza shule. Kazi ile ni ngumu, ya kisu na baridi, na sitaki kuipamba. Lakini ilitangulia, na makazi yakafuata. Serikali ya Kansas yenyewe inaelekea kulitambua hilo: mpango wake wa mwaka 2011, ulioanza na kaunti 50 kati ya 105, uliacha kiwanja pembeni, ukatoa msamaha wa kodi ya mapato ya jimbo hadi miaka mitano na msaada wa kulipa mkopo wa chuo hadi dola 15,000.

Kwa hiyo simshauri mtu aende akitegemea kwamba kazi ataikuta mbele. Anayeweza kufaidika ni yule ambaye kipato chake kinahama naye au kinahitajika kule tayari: muuguzi, mwalimu, dereva wa malori ya masafa marefu, mtu anayefanya kazi kwa intaneti na mwajiri wake hajali yuko wapi. Waafrika Mashariki walioko Marekani wamo wengi katika kazi hizo, na kwa familia iliyochoka na kodi za nyumba za miji mikubwa, mji ambao mwalimu anamjua kila mtoto kwa jina si kitu kidogo. Aliye Dodoma au Eldoret asidanganyike: kiwanja hakileti viza, na ombi lake halipiti kwa sababu mji una shida ya watu.

Mwenye nia aende kwanza kuutazama mji, na aende Februari, asingoje Julai. Aulize shuleni darasa la kwanza lina watoto wangapi. Aulize wodi ya wazazi iliyo karibu iko umbali gani, kwa sababu hata miji mikubwa kuliko hii imepoteza hospitali zake: Independence mwaka 2015, Fort Scott mwishoni mwa 2018. Aende kanisani, au aulize msikiti wa karibu uko mji gani. Atafute waliopewa viwanja miaka kumi iliyopita, agonge mlango, aulize wangapi bado wapo na waliouza nyumba zao waliuza kwa bei gani.