Machale Yakicheza, Nani Ayasome?

Mtu akikwambia machale yanamcheza, humuulizi machale ni kiungo gani wala kiko upande upi wa mwili. Unasogea karibu, unauliza kuna nini. Wengi hulinasibisha neno hilo na chale za waganga: aliyechanjwa dawa aliaminiwa kuihisi shari kabla haijabisha hodi. Siku hizi hata asiyechanjwa anachezwa. Mpangaji mwenye deni akisikia kikohozi cha mwenye nyumba uani, hupata tumbo joto. Anayebanwa kwenye uongo hutokwa na kijasho chembamba. Neno la ndugu hukata maini, na msiba huacha moyo mzito ambao hakuna mizani iliyowahi kuupima. Kiswahili kimekuwa kikiusoma mwili tangu kale, tena bila kutoza ada.

Ndiyo maana hunishangaza kidogo kusikia mabishano ya sasa kuhusu tiba ya mwili na akili yakiendeshwa kana kwamba jambo lenyewe limeshuka na ndege wiki iliyopita. Namna yake inajulikana: chumba kimya, mkeka, mtaalamu anakwambia ufumbe macho, upumue taratibu, kisha useme huzuni yako imekaa wapi. Kifuani? Kooni? Chini ya mbavu? Wanaoiunga mkono husema mwili hutunza yale ambayo mdomo umeyakataa. Wanaoipinga, wengi wao madaktari walioona mengi, huiita ushirikina uliovaa suti.

Nianze na hao wa pili, maana wana hoja moja nzito, na hoja hiyo niliikuta ndani ya familia.

Shangazi yangu aliishi na maumivu ya tumbo kwa miaka. Kila alikokwenda aliambiwa ana vidonda na kwamba apunguze mawazo, kana kwamba mawazo ni chumvi. Akaacha pilipili, akaacha kahawa, akaacha maharage. Mawazo yakabaki, na tumbo likabaki. Mwishowe daktari mmoja kijana akamwandikia kipimo cha choo. Walikuwa bakteria. Wiki mbili za antibayotiki na dawa ya kupunguza asidi, shangazi akarudi kwenye maharage yake ya nazi.

Waliomtuma akapunguze mawazo hawakuwa wapuuzi. Kwa miongo mingi dunia nzima iliamini hivyohivyo: kidonda cha tumbo kilikuwa ndio ugonjwa wa kutolea mfano kila ilipozungumzwa kwamba fikra huharibu nyama. Madaktari Barry Marshall na Robin Warren walipowaotesha bakteria hao maabara kule Perth, Australia, mwaka 1982, wenzao wengi hawakuwaamini. Mwaka 1984 Marshall akawanywa mwenyewe ili auone ugonjwa ukianzia kwake. Tuzo ya Nobel ilikuja 2005.

Kwa hiyo wapinzani wanaposema msomaji wa mwili anaweza kukusomea barua isiyo yako, hawasemi kwa husuda. Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, jasho na kukonda vinaweza kuwa wasiwasi. Vinaweza pia kuwa tezi la shingoni linalofanya kazi kupita kiasi. Uchovu na kuishiwa pumzi vinaweza kuwa sonona. Kwa aliyejifungua juzi huenda ni damu imepungua. Na wanawake ndio hulipa zaidi. Hedhi inayomlaza mtu sakafuni huitwa mawazo, akiolewa huitwa utoto, akizaa huitwa uzembe.

Zipo pia zile orodha zinazosambazwa simuni: bega likiuma umebeba mizigo ya wengine, goti likiuma wewe ni mkaidi, ini likisumbua una hasira. Hizi sina la kuzitetea. Chukua hilo ini. Tiba ya jadi ya China huliweka pamoja na hasira. Watafiti waliochambua maandishi ya kale ya Mesopotamia, eneo la Iraki ya leo, wakachapisha matokeo yao 2024, walikuta watu wale waliliweka ini pamoja na furaha. Sisi maini yetu hukatwa na uchungu. Ini moja, wafasiri watatu, na kila mmoja ana hakika.

Mpaka hapo wapinzani wameshinda, na wengi huishia hapo. Mimi naona wamefunga daftari mapema.

Turudi kwenye kidonda chenyewe, mfano wanaoupenda. Walio na bakteria wale ni wengi mno duniani, na wengi wao hawapati kidonda hadi wanakufa. Basi bakteria ni sehemu ya maelezo, si maelezo yote. Utafiti wa Denmark uliochapishwa 2015, uliowafuatilia watu zaidi ya 3,000 ambao hawakuwahi kuwa na vidonda, ulikuta kwamba walioanza wakiwa na msongo mkubwa ndio waliopata vidonda zaidi, wawe na bakteria hao au wasiwe nao. Mawazo yaliyofukuzwa mlangoni na Marshall yamerudi kupitia dirishani, safari hii yameshikana mkono na bakteria.

Lakini takwimu ambayo imenikalia kichwani kwa muda mrefu ni nyingine. Mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani katika vituo 15 vya matibabu ya kawaida, nchi 14, kimojawapo kikiwa Ibadan, Nigeria. Waliopita mikononi mwa watafiti ni zaidi ya 25,000. Waliokutwa na sonona kamili ni 1,146. Walipoulizwa kilichowaleta kwa daktari, asilimia 69 walitaja mwili peke yake. Kichwa, mgongo, tumbo, uchovu. Katika kituo kimoja ilikuwa asilimia 45, kwingine 95.

Hiyo 69 imetajwa mara nyingi, na kwa kawaida hutajwa kwa kusikitika: tazama watu wasivyojua lugha ya hisia, tazama wanavyozificha migongoni. Baadhi yetu tumeambiwa hivyo kwa miaka, kwamba Mwafrika au Mwasia "hageuzi hisia kuwa maneno". Ila utafiti uleule una namba ya pili isiyonukuliwa sana. Wagonjwa wale walipoulizwa waziwazi kuhusu huzuni, kukata tamaa na mambo ya moyoni, waliokana kabisa walikuwa asilimia 11 tu.

Ziweke namba hizo mbili kando kwa kando. Kati ya watu mia, 69 wamekuja na mgongo. Ukiwauliza wote mia, 11 ndio watakaoshikilia kwamba ni mgongo na si lingine. Waliobaki hawakuwa bubu. Maneno walikuwa nayo tangu walipotoka nyumbani. Walikuja na mgongo kwa sababu mgongo ndio unaokubalika dirishani pa kuandikishia. Nani amewahi kufika zahanati akasema, "Nimekuja, ndoa imenichosha"? Ukisema hivyo unaitiwa mchungaji. Ukisema kichwa, unapewa namba. Watafiti wale waliona na jambo la tatu: kuja na mwili peke yake kulikuwa kwingi zaidi katika vituo ambako mgonjwa hana daktari wake wa siku zote. Yaani mtu humletea mgeni mgongo. Anayemjua humletea na mengine.

Hapo ndipo ninapomwona msomaji wa mwili kwa macho tofauti na wanaomcheka. Yule mzuri, nasema mzuri, kazi yake ni kukamilisha swali lililoachwa nusu. Eugene Gendlin, mwanafalsafa mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Chicago, alichunguza kwa nini ushauri nasaha huwasaidia baadhi ya watu na wengine ukawapita. Alichokiona kwa waliofaidika ni kwamba walikuwa wakisita katikati ya maneno, wanaingia ndani, wanatafuta. "Si hasira... ni kama... hapana, si hasira." Akatengeneza njia ya kuwafundisha wengine kusita namna hiyo. Mtu huelekeza akili mahali panapobana, hulijaribu neno, kisha huurudia mwili kuuliza kama neno limekaa. Lisipokaa, linatupwa. Anayehukumu ni mwenye mwili. Mtaalamu hana orodha mfukoni, na akiwa nayo amekosea njia.

Huyo si yule wa goti na ukaidi. Mmoja anakuuliza, mwingine anakuagulia, na kosa la wapinzani ni kuwatia wote kapu moja.

Watanijibu kwamba hata mwenye mwili ni msomaji mbovu. Ni kweli. Watu wakiambiwa wahesabu mapigo ya moyo wao bila kugusa mshipa, wengi hukosea vibaya. Na ushahidi wa tiba zenyewe bado ni mwembamba. Jaribio la yoga alilolichapisha daktari wa magonjwa ya akili Bessel van der Kolk na wenzake 2014 lilikuwa na wanawake 64 tu waliosumbuliwa na kiwewe kisichosikia matibabu: baada ya wiki kumi, asilimia 52 ya waliofanya yoga hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa huo, dhidi ya 21 ya waliopewa elimu ya afya. Tofauti ni kubwa, darasa ni dogo. Sitalijengea ghorofa.

Ila "mwili ni vigumu kuusoma" haina maana ya "mwili hausemi". Hapa kwetu tunao ushahidi ambao dunia imeugeuza kichekesho. Januari 30, 1962, siku chache baada ya Tanganyika kufikisha wiki saba za uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni ya Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka wakashindwa kuacha. Hadi shule inafungwa Machi 18, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Walipopelekwa makwao, hali ikazuka katika kijiji cha Nshamba, ikawapata watu 217. Anayesimulia habari hii mitandaoni huanza kwa kutabasamu. Ripoti ya madaktari Rankin na Philip, iliyotoka 1963, haina tabasamu: kicheko kilichanganyika na kilio na kuhangaika, na baadhi ya wagonjwa walisema wanaogopa kwamba kuna mtu anawakimbiza.

Vipimo vilifanyika, sumu haikuonekana, vijidudu havikuonekana. Madaktari walifanya sawa kupima. Kinachonikera ni jinsi "hatukuona kitu" kunavyosomwa tangu siku hizo kama "hapakuwa na kitu". Mtoto amelala mbali na mama yake, chini ya kengele na viboko vya enzi ile, mwili wake unacheka huku unalia, na jibu ni kwamba damu yake safi. Oktoba 2023, wasichana wa shule moja ya bweni huko Kakamega, Kenya, walipolegea miguu kwa makumi na kushindwa kutembea, mjadala ulikimbilia kulekule: wanaumwa au wanaigiza? Kama kwamba hapo katikati hakuna mahali pa mtu kukaa.

Wapinzani wenye busara hutoa suluhu: pima kwanza, magonjwa yakiisha ndipo uulize hisia. Inapendeza kuisikia. Tatizo ni hilo "ndipo". Ukienda na kichwa, utapimwa malaria, taifodi na UTI; mojawapo haikosi kuonekana, utapewa dawa, utarudi mwezi ujao na kichwa kilekile, utapimwa tena. Zamu ya swali haifiki. Mimi nataka swali liulizwe siku ileile ya kipimo, kwenye meza ileile, hata kama ni dakika mbili. Na yule wa mkekani naye afanye kinyume chake: mteja wa kwanza anayelalamika kifua, kabla ya kufumba macho, aulizwe kama ameshapima moyo na damu. Asiyeuliza hivyo apokwe mkeka.

Jambo hili halihitaji majengo. Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha 2006 benchi la urafiki, linalokaliwa na kinamama wazee waliofunzwa kusikiliza. Wanatumia dodoso la maswali 14 la Kishona, na ndani yake swali la kama tumbo limekuwa likiuma limekaa pamoja na maswali ya kufikiri kupita kiasi na kulia. Hakuna aliyeona ajabu. Jaribio lao lililochapishwa 2016 lilihusisha watu 573. Baada ya miezi sita, wenye dalili za sonona kati ya waliokaa benchini walikuwa asilimia 14 hivi, na kati ya waliopata huduma ya kawaida karibu 50. Benchi hilo limeshafika Zanzibar.

Kuhusu shangazi, kuna kipande nilikiruka. Alipopona nilimwuliza shangazi, yule daktari kijana alikuwa na nini ambacho wenzake hawakuwa nacho? Akasema wengine wote walimwuliza anakula nini. Huyu alimwuliza tumbo lilianza lini, kisha akanyamaza akimtazama. Shangazi akamtajia wiki ile ya arobaini ya mume wake, na akalia pale ofisini, mara ya kwanza tangu mazishi. Daktari alimngoja amalize. Halafu ndipo akaandika kipimo cha choo.