Jina la Bridgetower na Tabaruku ya Beethoven

Wanaotaka sonata ya tisa ya Beethoven ya fidla na piano, ile iitwayo Kreutzer, itajwe pamoja na jina la George Bridgetower, mpiga fidla aliyeipiga kwanza, hulaumiwa kwamba wanaingiza siasa za rangi katika sanaa. Hoja ya wapinzani wao si dhaifu: tabaruku, yaani kumtunukia mtu kazi kwa jina lake, ni haki ya mtunzi, na sehemu ya mwisho ya sonata hiyo Beethoven alikwisha kuitunga mwaka 1802 kwa ajili ya kazi nyingine.

Hata hivyo, hoja hiyo haigusi yaliyotokea Vienna asubuhi ya tarehe 24 Mei 1803. Bridgetower, mwana wa baba mweusi na mama Mzungu, alipanda jukwaani na Beethoven mwenyewe akiwa kwenye piano. Noti za fidla za sehemu ya kwanza zilikuwa zimenakiliwa alfajiri ileile, na sehemu ya pili ilimbidi aisome kwenye mswada wa mtunzi. Kwa maelezo aliyoyaacha, katika sehemu ya kwanza aliiga kwa fidla kifungu kilichoandikiwa piano, jambo ambalo halikuwamo karatasini. Beethoven akainuka ghafla, akamkumbatia na kumtaka arudie. Mpigaji wa namna hiyo hakupewa tu heshima ya tabaruku. Alitia mkono katika kuizaa kazi yenyewe.

Baadaye waligombana, kwa kauli ya Bridgetower kwa sababu ya mwanamke, na sonata ikachapishwa mwaka 1805 kwa jina la Rodolphe Kreutzer, mpiga fidla Mfaransa ambaye hakuwahi kuipiga hadharani. Hapo ndipo penye uzito, kwa kuwa jina la jaladani halikubaki jaladani. Tolstoy, mwandishi Mrusi, aliliazima kwa hadithi yake iliyotoka mwaka 1889, Janáček, mtunzi wa muziki Mcheki, akaichukua hadithi hiyo na kuitungia muziki mwaka 1923, na kila kizazi kikamrithi Kreutzer bila kumsikia Bridgetower, aliyepata shahada ya muziki Cambridge mwaka 1811 na kufariki London mwaka 1860.

Ni kweli kwamba tungo zake mwenyewe zilizosalia ni chache. Lakini anayetetewa hapa ni mpigaji, na shahidi wake ni Beethoven, ambaye kwenye mswada wa awali aliiita kazi hii, kwa utani wa marafiki, sonata ya chotara, na jina la Bridgetower akaliandika kwa mkono wake.