Hunchback ya mzinga bado haijapitwa na leza

Mgeni anapojiunga na wachezaji wa BattleTech, mchezo wa mezani wa vita vya roboti kubwa, hapa Nairobi, ushauri wa kwanza anaopewa karibu kila mara ni huu: achana na mzinga, funga leza. Leza haziishiwi risasi, hazilipuki, na ukipiga hesabu zinaumiza zaidi. Yote hayo ni kweli. Shida ni kwamba hesabu hiyo huachwa njiani, na roboti inayoonewa zaidi ni Hunchback ya tani 50.

Tuchukue sheria za mezani. Toleo la Hunchback liitwalo HBK-4G hubeba mzinga wa AC/20 wenye uzito wa tani 14, pamoja na tani mbili za risasi, yaani milio 10. Toleo la HBK-4P limeutoa mzinga, na tani zile 16 zimekwenda kwa leza sita za kati na vipoza joto 10. Masafa hayana ubishi: silaha zote mbili hufika heksi 9 (vyumba vya pembe sita vya ramani). Leza mbili za mikononi zipo kwa roboti zote mbili, kwa hiyo tuziweke kando.

Tuseme rubani anahitaji 8 au zaidi kwa dadu mbili, nafasi ya asilimia 42 hivi. Leza sita za pointi 5 kila moja zitampa wastani wa pointi 12.5, na mzinga wa pointi 20 utampa 8.3. Uwezekano wa leza zote kukosa haufiki asilimia 4, ilhali mzinga hukosa zaidi ya nusu ya mara. Tena mzinga ukiharibiwa mara moja tu kwa ndani, basi tena. Leza moja ikifa, tano zinabaki. Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote, na anayeutetea mzinga hana budi kuikubali.

Lakini zile pointi 12.5 zinakwenda wapi? Kila leza iliyopata hutupiwa dadu zake za mahali ilipopiga, na roboti ina sehemu nane. Leza mbili tatu zitachubua mkono, mguu, kifua. Hunchback ina deraya ya pointi 16 kwenye kila mkono, 20 kwenye kila mguu na 26 katikati ya kifua, kwa hiyo ikiwa nzima, pointi 5 hazitoboi hapo. Mzinga ukipata mkono uleule, deraya imekwisha na pointi 4 zimeingia ndani, ambako dadu zikitoa 8 au zaidi kuna kitu kinaharibika. Kichwa cha kawaida kina deraya isiyozidi 9 na kiunzi cha 3: mlio mmoja wa AC/20 unakimaliza, leza za kati zinahitaji kukipata mara tatu.

Kisha kuna takwimu ambayo wapenzi wa wastani hawaigusi. Roboti ikipigwa pointi 20 au zaidi katika awamu moja ya zamu, rubani wake lazima atupe dadu asianguke. Mzinga humlazimisha kwa mlio mmoja, asilimia 42. Leza sita lazima zipate angalau nne, na nafasi ya hilo ni asilimia 20 tu. Tani zilezile, masafa yaleyale, na shinikizo limepungua kwa nusu! Rubani wa ujuzi 5 anahitaji 6 ili abaki wima, kwa hiyo mara nyingi ataponea. Akianguka, roboti ya tani 50 hujiumiza pointi 5 na rubani anaweza kujeruhiwa. Kuinuka kunagharimu pointi mbili za mwendo na dadu nyingine, na aliye heksi ya jirani humlenga kwa urahisi zaidi. Zamu ya adui imevurugika, na wastani wa madhara hauoni lolote kati ya hayo.

Hofu ya mlipuko ina msingi, maana tani iliyojaa ikilipuka ni pointi 100. Ila wengi hujiongezea hatari wenyewe kwa kufunga tani ya tatu. Usifanye hivyo. 4G ina vipoza joto 13: simama, piga mzinga (joto 7) na leza mbili za mikononi (6), na joto halipandi. Ukikimbia unaongeza 2, basi acha leza moja. Joto huanza kulipua risasi likifika 19, na kwa mpango huo hutafika huko.

Linabaki pigo la adui. Toa leza ndogo ya kichwani, ya nusu tani, na badala yake weka CASE ya nusu tani, kinga inayoutoa mlipuko wa risasi nje, kwenye kiwiliwili cha kushoto, zilipo risasi. Mlipuko utaondoka na upande huo na mkono wake, na rubani ataumia, lakini mzinga ulio kulia utaendelea kupiga. Usihamishie risasi kulia: mzinga umekula nafasi 10 kati ya 12 za upande huo, tani mbili za risasi zitajaza zilizosalia, na CASE itakosa pa kukaa. Kama mnacheza mwaka 3025 wa hadithi ya mchezo, CASE haipatikani. Hapo maliza tani moja kabla ya kugusa ya pili, maana tani iliyoisha hata ikipigwa hailipuki.

Kwenye MechWarrior 5 (2019), mchezo wa kompyuta wa roboti hizihizi, dadu hazipo, ila tofauti inabaki. Leza huchoma kwa muda, na adui akigeuza kiwiliwili anausambaza moto huo mwilini mwake. Risasi ya AC/20 ya kawaida hutua mahali pamoja.

4P ichukuliwe kwa kampeni ndefu ambako risasi hazinunuliki, au dhidi ya kundi la roboti nyepesi zenye deraya ndogo, ambako leza moja iliyopata inatosha kutoboa na pointi 20 za mzinga zingepita kiasi.